OB Haiulizi "Kwa Nini"

Nyanya yangu ana karatasi moja ndogo ambayo ameihifadhi ndani ya Biblia yake tangu Januari 2008. Imekunjwa mara nne, wino umeanza kufifia, lakini nambari bado inasomeka. Ni nambari ya OB.

Kama wewe ni Mkenya sihitaji kukueleza OB ni nini. Ni kile kitabu kikubwa kilicho kwenye kaunta ya kila kituo cha polisi, kinachoandikwa kila jambo linaloripotiwa: tarehe, saa, jina la aliyeripoti na kilichotokea. Ukipoteza kitambulisho, OB. Ukiibiwa simu kwa matatu, OB. Ukichomewa nyumba kwa sababu ya jina lako, pia OB.

Siku hiyo nilikuwa na miaka minane. Nilikuwa nimeshikilia leso ya nyanya kwa nguvu, na kaunta ilikuwa juu kuniliko, kwa hivyo sikuona uso wa afande. Sauti ndiyo naikumbuka.

"Haya mama, ni nini kimefanyika?"

"Wametuchomea nyumba, afande. Wanasema sisi si watu wa huku. Wamesema turudi kwetu."

"Mama, nimekuuliza nini kimefanyika. Sijakuuliza kwa nini."

Akaandika mstari mmoja na nusu. Mamangu, aliyekuwa amesimama kando, aliusoma ule mstari kichwa chini, pale juu ya kaunta: nyumba kuchomwa na watu wasiojulikana. Ati wasiojulikana! Nyanya alikuwa amewataja watatu kwa majina. Mmoja wao alikuwa amekunywa chai kwetu siku ya Krismasi, wiki moja tu kabla.

Sitawaambia sisi ni kabila gani. Najua tayari unajaribu kukisia. Nitakueleza mwishoni kwa nini nimenyamaza.

Miaka yote hii nimekuwa nikidhani yule afande alikuwa mtu mwenye roho mbaya, basi. Lakini nimekaa chini nikasoma sheria na historia ya polisi wetu, na nilichopata kimeniudhi zaidi. Yale majina matatu alipaswa kuyaandika, hapo simtetei. Lakini kwa lile swali la "kwa nini", yule afande alikuwa ndani ya sheria kabisa. Kitabu chake hakikuwa na nafasi ya jibu la nyanya.

Sheria yenyewe inasemaje

Kanuni ya Adhabu ya Kenya, ile sheria kuu ya makosa ya jinai, ni ya mwaka wa 1930. Imefanyiwa marekebisho mara nyingi, lakini mifupa yake ni ya mkoloni. Kifungu cha 9 kinasema, kwa maneno yangu, kwamba sababu iliyomsukuma mtu kutenda kosa haina uzito katika kuamua kama ana hatia, isipokuwa pale sheria itakaposema vingine waziwazi.

Kuna busara ndani yake, tusiikatae. Ukiiba unga ukasema uliiba kwa sababu ya njaa, bado uliiba. Ukimpiga mtu ukasema alimtukana mamako, bado ulimpiga. Sheria inaangalia ulichofanya na kama ulikusudia kukifanya. Mambo ya moyoni inamwachia hakimu ayapime wakati wa kutoa adhabu, akipenda.

Lakini angalia matokeo. Ukiacha yale makosa makubwa ya kimataifa kama mauaji ya kimbari, Kanuni ya Adhabu haina kosa linaloitwa uhalifu wa chuki. Kuua ni kuua, kifungu cha 203. Kuteketeza nyumba ni kuteketeza nyumba, kifungu cha 332, na adhabu yake inaweza kufika kifungo cha maisha. Awe aliyechoma alikuwa anagombania mpaka wa shamba na jirani mmoja, au alikuwa anafukuza kijiji kizima cha watu wa lugha nyingine, kwenye OB ni mstari uleule.

Sasa mtu ataniuliza, kwani tofauti ni gani? Nyumba si imeungua?

Tofauti ni hii. Mwizi akivunja nyumba yako, majirani wanaongeza kufuli. Mtu akichoma nyumba yako kwa sababu ya kabila lako, majirani wa kabila lako wanafunga virago. Kosa la kwanza lina mwathiriwa mmoja. La pili limetumiwa wengi ujumbe, na ile nyumba yako ndiyo barua. Polisi akiandika "nyumba imechomwa" peke yake, ameandika habari za bahasha na kuiacha barua.

Polisi waliozaliwa wakihesabu makabila

Ukitaka kuelewa kwa nini polisi wetu hawakufundishwa kuitambua chuki ya kikabila, jiulize walianzishwa kufanya kazi gani.

Tarehe 24 Aprili 1954, wakati wa Hali ya Hatari, serikali ya kikoloni ilizingira Nairobi katika msako ulioitwa Operation Anvil. Wanaume walitolewa majumbani, kazini na barabarani, wakatenganishwa kwa kabila. Wakikuyu, Waembu na Wameru upande mmoja, wengine wakaachwa waende. Waliotengwa walipitishwa mbele ya mtu aliyefunikwa gunia kichwani lenye matundu ya macho. Akitikisa kichwa, umekwenda kizuizini. Watu zaidi ya 20,000 walizuiliwa hivyo.

Huo ndio ulikuwa ujuzi wa dola kuhusu ukabila. Polisi walijua kabila lako vizuri sana. Walilijua ili wakushuku, haikuwa ili wakulinde.

Bendera ilibadilika mwaka wa 1963. Ujuzi ule haukubadilika sana. Mwaka wa 1989 Wakenya Wasomali, raia kabisa, waliamriwa wapitie mchujo wa kuthibitisha uraia wao na wakapewa kadi maalum ambayo makabila mengine hayakudaiwa. Aprili 2014, baada ya mashambulizi ya kigaidi, polisi walivamia Eastleigh kwenye operesheni ya Usalama Watch, wakakamata maelfu ya watu, wengi wao Wasomali, na wengine wakapelekwa uwanja wa Kasarani kuchunguzwa. Ni miaka 60 kamili tangu Anvil, mji uleule.

Kwa hivyo mtu akiniambia polisi wetu hawawezi kutambua mtu anapolengwa kwa sababu ya kabila, nacheka tu. Wanaweza. Wamekuwa wakilifanya wenyewe.

"Mapigano" ya watu wasiopigana

Tarehe 29 Oktoba 1991, kwenye shamba la Meteitei, wilaya ya Nandi, nyumba zilianza kuchomwa na watu wakaanza kufukuzwa. Nchi ilikuwa inaelekea kwa vyama vingi. Moto ule ukaenea sehemu nyingi za Bonde la Ufa, na Magharibi pia. Lugha yetu ikapata matumizi mapya ya neno la zamani: madoadoa. Watu wa kabila lisilo la "wenyeji" wakawa madoa kwenye kitambaa, na doa unajua linafanywa nini.

Serikali na magazeti waliita mambo hayo mapigano ya kikabila. Hebu litafakari hilo jina. Mapigano yana pande mbili. Ukisema watu walipigana, hakuna aliyeshambulia na hakuna aliyeshambuliwa, wote ni wakorofi. Polisi akifika anaandika vurugu, anatawanya watu, anaondoka. Familia iliyokuwa imelala inakuwa sehemu ya "mapigano".

Kamati ya Bunge iliyoongozwa na Kennedy Kiliku ilichunguza na kutoa ripoti yake Septemba 1992. Ilihesabu watu 779 waliokuwa wameuawa kufikia hapo, na ikataja wanasiasa waliochochea. Bunge likakataa kuipitisha.

Kisha ikaja Likoni. Usiku wa tarehe 13 Agosti 1997, miezi michache kabla ya uchaguzi, wavamizi walishambulia kituo cha polisi cha Likoni, wakaua polisi 6 na kuchukua bunduki. Baada ya hapo waliowindwa ni wabara, watu wa kutoka bara waliohamia Pwani. Zaidi ya watu 100 walikufa na maelfu kwa maelfu wakahama. Vikaratasi vilisambazwa vikiwaambia warudi kwao. Yaani sababu iliandikwa kabisa, kwa maandishi, ikabandikwa. Hakuna aliyehitaji kuitafuta.

Tume ya Jaji Akiwumi ikaundwa mwaka wa 1998 kuchunguza machafuko yote hayo tangu 1991. Ilisikiliza mashahidi kwa miezi mingi, ikakosoa polisi na wakuu wa utawala wa mikoa kwa uzembe na kufumbia macho, ikamkabidhi Rais Moi ripoti mwaka wa 1999. Ilikaa kwenye droo hadi 2002 ndipo wananchi wakaiona.

Soma hizo tarehe tena: 1992, 1997, 2002. Kila mwaka wa uchaguzi. Kama vituo vya polisi vingekuwa vimeandika "kwa nini" tangu 1991, tungekuwa na ramani. Tungejua ni maeneo gani moto huanza, nani huambiwa ahame kwanza, vikaratasi husambazwa miezi mingapi kabla. Badala yake kila tume ilianza na karatasi tupu, ikiwauliza wajane maswali ambayo afande wa kaunta alipaswa kuwauliza siku ya kwanza.

2008

Hapa mniwie radhi nikienda polepole.

Tume ya Jaji Waki ilihesabu watu 1,133 waliouawa baada ya uchaguzi wa Desemba 2007. Kati yao, 405 walikufa kwa risasi. Sasa, vijana wa kijijini walikuwa na mishale, mapanga na petroli. Bunduki zilikuwa za nani? Tume ilisema waziwazi kwamba polisi walitumia nguvu kupita kiasi, na kwamba kwingine walikaa tu wakitazama, wakipendelea upande mmoja au mwingine.

Tarehe 1 Januari 2008, kanisa lililojaa watu waliokuwa wamekimbilia usalama lilichomwa Kiambaa, karibu na Eldoret. Wengi waliokuwa ndani walikuwa akina mama na watoto wa Kikuyu. Mwisho wa mwezi huohuo, Naivasha, nyumba ilichomwa na familia za Wajaluo zikiwa ndani, zikiwemo watoto. Kuna wanaume waliotahiriwa kwa nguvu barabarani. Tafadhali fikiria kosa hilo la mwisho kwenye OB. Ni kujeruhi. Kudhuru mwili. Lakini kila mtu Kenya anajua kitendo kile kilikuwa kinasema nini, kwa nani, na kwa nini kilifanyiwa sehemu ile ya mwili na si mkono wala mguu. Ukiondoa kabila, tendo lenyewe halieleweki hata kidogo. Na bado kitabu hakikuwa na mahali pa kuliandika.

Kesi ya Kiambaa ilifika Mahakama Kuu ya Nakuru mbele ya Jaji David Maraga, yuleyule aliyekuja kuwa Jaji Mkuu. Washukiwa wanne walishtakiwa kwa mauaji. Aprili 2009 wote wakaachiliwa, na jaji akaukosoa vikali upelelezi wa polisi. Simlaumu jaji. Hakimu hawezi kumfunga mtu kwa ushahidi ambao haukuletwa. Baadaye ofisi ya Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma ilipitia maelfu ya faili za wakati ule na kutuambia kwamba ushahidi hautoshi.

Nadhani mnaelewa sasa kwa nini ile karatasi ya nyanya inaniuma. Ushahidi hautoshi kwa sababu ya ule mstari mmoja na nusu. "Watu wasiojulikana" wa Januari ndio wakawa "faili haina washukiwa" miaka mitano baadaye. Haki yetu haikupotelea mahakamani wala The Hague. Ilipotelea pale kwa kaunta, dakika ya tatu.

Tukaadhibu mdomo, tukaacha mkono

Nchi iliogopa kweli. Na ilifanya kitu. Mwaka huohuo wa 2008 Bunge lilipitisha Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa, na 2009 tume yake ikaanza kazi, mwenyekiti wa kwanza akiwa Mzalendo Kibunjia. Kifungu cha 13 kinafanya matamshi ya chuki kuwa kosa: faini isiyozidi shilingi milioni 1, au kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili. Katiba ya 2010, kifungu cha 33, nayo inasema uhuru wa kujieleza hauhusu matamshi ya chuki.

Hatimaye, neno chuki likaingia kwenye kazi ya polisi. Maafisa wakafundishwa, wakapewa vinasa sauti, wakatumwa kwenye mikutano ya siasa kusikiliza nani amesema nini.

Lakini ona tulichokifanya. Sheria ile ni ya maneno. Mtu akisema kwenye jukwaa "wafukuzeni hawa", hiyo ni chuki kisheria. Mtu aliyemsikia, akaenda akawafukuza kwa moto, yeye ameteketeza nyumba tu. Mdomo una chuki, mkono hauna. Tumepeleka maikrofoni kwa mkutano wa hadhara, lakini hatukupeleka hata kalamu ya ziada kwa kaunta ya kituo.

Na hata hiyo ya mdomo, angalia inamshika nani. Januari 2015 mwanafunzi mmoja wa chuo kikuu alifikishwa mahakamani kwa maneno aliyoandika kwenye Facebook. Hakuwa na wakili, akakubali mashtaka, na kwa siku chache tu akawa jela. Baadaye Mahakama Kuu ikamwachilia. Juni 2016 wanasiasa 8, kutoka mirengo yote miwili, walikamatwa kwa madai ya uchochezi na kulala kituo cha Pangani siku kadhaa. Walitoka wakiwa wamefanya urafiki, wakiongea kuhusu umoja. Kinachokumbukwa hadi leo ni lile jina, "Pangani", na urafiki. Hukumu haikumbukwi na mtu.

Januari 2022, neno letu la zamani likarudi. Seneta Mithika Linturi alisema "madoadoa" kwenye mkutano wa Eldoret. Eldoret, mji ambao Kiambaa iko karibu nao. Alikamatwa, akafikishwa mahakamani, akaomba radhi, akasema hakumaanisha makabila. Sijui kilichokuwa moyoni mwake. Ninachojua ni kwamba mwaka huohuo akawa Waziri wa Kilimo. Miezi mitatu baada ya mkutano ule, tume ilitoa orodha ya maneno ya chuki ya kuchungwa, "madoadoa" likiwemo. Vijana wakageuza orodha kuwa memu.

Kuna shimo lingine pia. Kifungu cha 13 kinahusu chuki ya kikabila, ya rangi na ya utaifa. Haigusi dini, ulemavu wala umri. Kule Kilifi wazee wameuawa miaka nenda rudi kwa kushukiwa uchawi, hadi pakawa na mahali pa kuwahifadhi waliokimbia familia zao, Kaya Godoma huko Ganze. Mara nyingi nyuma ya shutuma kuna shamba, lakini anayechaguliwa ni mwenye mvi. OB inasema mauaji. Haisemi kwamba huyu ni mzee wa kumi aliyechaguliwa kwa njia ileile.

Walivyolazimika kuuliza London

Ili nisionekane nalia tu, acha nilete mfano wa mahali ambapo polisi walilazimishwa kuuliza lile swali. Nimechagua Uingereza kwa sababu Kanuni yetu ya Adhabu ililetwa na watu wao.

Usiku wa tarehe 22 Aprili 1993, kijana mweusi wa miaka 18, Stephen Lawrence, alikuwa anangoja basi Eltham, kusini mashariki mwa London, pamoja na rafiki yake. Kundi la vijana wazungu lilivuka barabara likitoa neno la matusi ya rangi, likamdunga kisu, akafa. Rafiki yake aliwaambia polisi hilo neno. Polisi walimtazama yeye kama mshukiwa zaidi ya shahidi. Majina ya waliotajwa kuwa wauaji yalifika kwa polisi ndani ya siku moja au mbili. Kukamatwa kwa mara ya kwanza kulikuja baada ya wiki mbili.

Mnasikia? Majina yalitajwa, na polisi hawakuyafanyia kazi. Niliposoma hapo nilifunga kompyuta nikatoka nje.

Wazazi wake, Doreen na Neville, hawakunyamaza. Februari 1999 uchunguzi ulioongozwa na Sir William Macpherson ulitoa ripoti yake. Ilisema polisi wa London walikuwa na ubaguzi wa rangi ndani ya taasisi yenyewe, na kwamba baadhi ya wapelelezi walikataa hata kukubali kwamba mauaji yale yalikuwa ya ubaguzi. Kati ya mapendekezo yake 70, moja lilibadilisha kazi ya kaunta: tukio la ubaguzi ni tukio lolote ambalo mwathiriwa, au mtu mwingine yeyote, analiona kuwa la ubaguzi.

Lisome vizuri kwa sababu watu wengi hulielewa vibaya. Halisemi kwamba mshukiwa ana hatia kwa sababu mwathiriwa amesema. Mahakamani bado unahitaji ushahidi. Linasema tu kwamba afande hana ruhusa ya kuifuta sababu kabla haijachunguzwa. Mama akisema "wamenichomea kwa sababu ya kabila langu", unaandika hivyo, kisha upelelezi uende ukaangalie kama ni kweli.

London haikupona kwa hilo. Wawili tu kati ya wauaji ndio walifungwa, tena Januari 2012, karibu miaka 19 baadaye. Na Machi 2023 ripoti nyingine, ya Baroness Casey, ilisema ubaguzi bado umo ndani ya polisi wale wale. Kwa hivyo sisemi tuige ili tuwe kama wao. Nasema hata wao, walioturithisha kitabu, waliona kwamba kitabu kina ukurasa uliokosekana.

Pingamizi ninalolichukulia kwa uzito

Rafiki yangu mmoja anayesomea sheria aliniambia: wewe unataka kuwapa polisi hawahawa wa Kasarani ruhusa ya kuandika makabila ya watu kwenye OB? Umesahau ulichosema kuhusu Anvil?

Sijasahau. Na ana haki ya kuogopa. Kitabu kinachosema "huyu ni kabila hili" mikononi mwa polisi mbaya ni silaha. Pia kuna hatari ya uongo: kila ugomvi wa mpaka wa shamba uandikwe kuwa wa kikabila, na mwanasiasa aje na hesabu hizo aseme "mnaona wanavyotumaliza".

Lakini mimi siombi kisanduku cha kabila. Naomba swali moja liulizwe na jibu liandikwe kwa maneno ya anayeripoti: unadhani kwa nini ulilengwa wewe? Anayejibu ni mwathiriwa, si afande. Anaweza kusema sijui. Anaweza kusema deni. Anaweza kusema kabila, dini, ulemavu, mvi. Na jibu lisomewe yeye kabla hajaondoka pale kaunta, ndipo apewe nambari. Anvil ilikuwa dola ikimwambia mtu yeye ni nani. Hili ni mtu akiiambia dola amefanyiwa nini.

Na pale ambapo aliyekulenga ni polisi mwenyewe, kitabu chake hakitoshi. Hapo ndipo IPOA, mamlaka huru ya kusimamia polisi, iwe na nakala ya majibu hayo bila kuomba. Sasa hivi tunaambiwa OB inahamia kwenye kompyuta. Basi huu ndio wakati. Fomu ikishachapishwa na kusambazwa kwa vituo vyote, tutangoja miaka mingine 90 kuibadilisha.

Kwa nini sikutaja

Nilisema nitawaambia kwa nini nimeficha kabila letu. Ni kwa sababu nimeshaona kinachofanyika nikilitaja. Nusu ya watu wanahurumia zaidi, nusu nyingine wanaanza kuhesabu: na nyinyi je, watu wenu walifanya nini Naivasha, au Kisumu, au Burnt Forest? Huzuni ya nyanya inawekwa kwenye mizani na huzuni ya nyanya mwingine, kana kwamba moja inalipa deni la nyingine. Nilitaka uisome hadi hapa bila kujua kama ni nyanya yenu au ni nyanya yao.

Juzi nilimuuliza kwa nini bado ameweka ile karatasi, na kituo chenyewe nasikia kilishahamishwa jengo, vitabu vya zamani viko wapi nani anajua. Alinitazama kama mtu aliyeuliza swali la kipumbavu.

"Siku watakapotaka kujua," akasema, "wasije wakasema sikuripoti."